Biashara ya Kukonda

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, alinijia ofisini binti mmoja niliyemfundisha somo la mbinu za utafiti. Alikuwa amehitimu miaka miwili kabla, tena kwa ufaulu wa kujivunia. Aliniamkia, akaketi, akaulizia hali ya nyumbani, kisha akafungua mkoba na kunipangia mezani makasha matatu: majani ya chai, vidonge, na unga wa kukorogwa kwenye maji ya uvuguvugu. "Mwalimu, uniwie radhi kwa nitakalosema," alianza, "lakini hicho kitambi kinahatarisha afya yako. Seti hii ni ya siku kumi, na unapunguza kilo kumi. Haina kemikali. Ni mimea mitupu." Bei yake ilikuwa shilingi 180,000.

Nilichukua karatasi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi nishati ya kalori zipatazo 7,700. Kilo kumi ni kalori 77,000. Mtu mzima wa kawaida hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku nzima, akitembea, akifanya kazi na hata akilala. Asipotia chakula kinywani kwa siku kumi mfululizo, atakuwa amechoma kalori 25,000 kwa kadiri ya juu, ambazo hazifikii hata kilo nne za mafuta. Nikamwuliza: chai hii inawezaje kuishinda njaa? Aliitazama karatasi kwa muda. "Hesabu nimeielewa, Mwalimu," akasema. "Ila mzigo nimeshaulipia."

Fedha za mzigo huo mama yake alizikopa kwenye kikoba.

Leo naandika kuipinga biashara ya virutubisho vya kupunguza mwili, na sitaki nieleweke kuwa nampinga binti yule. Yeye ni mteja wa kwanza wa biashara hiyo na ndiye aliyepunjwa zaidi kuliko wote atakaowauzia. Kampuni iliyomwandikisha haikuhitaji apate wateja. Ilihitaji anunue mzigo, kisha awaandikishe wenzake wawili watatu nao wanunue wa kwao. Kama chai ile inalala kabatini hadi ivunde, aliye juu amekwisha kupata chake. Tunashangaa kwa nini vijana wenye shahada wanauza vitu wasivyoviamini, ilhali sisi tuliowapa hizo shahada hatukuwaonyesha mahali pengine pa kwenda.

Hebu tuyatazame makasha yenyewe. Neno "mimea mitupu" limegeuzwa kuwa ngao, kana kwamba mmea haujapata kumdhuru mtu. Chai nyingi za kupunguza uzito hutiwa sanamaki, majani ambayo bibi zetu waliyajua vizuri: walitupa tulipofunga choo, tena kwa kipimo, na siku iliyofuata wakaacha. Anayeyanywa kila usiku kwa wiki kadhaa huharisha, hupoteza maji na madini ya potasiamu ambayo moyo huyategemea ili udunde sawasawa. Mizani humsifu asubuhi, kwa sababu mizani haijui kutofautisha maji na mafuta. Akinywa maji na kula kama kawaida, uzito unarudi, naye hujilaumu mwenyewe na kununua kasha jingine.

Kuna baya zaidi ya sanamaki. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuhusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo wadhibiti wa nchi mbalimbali wameikuta mara nyingi ndani ya bidhaa za kukondesha zilizoandikwa kuwa ni za asili, bila jina lake kutajwa popote kwenye kasha. Sidai kuwa makasha yaliyokuwa mezani pangu yalikuwa nayo. Sikuyapima. Lakini wala yeye hakuyapima, wala yule aliyemuuzia, na huo ndio msiba wenyewe: mnyororo mrefu wa watu wanaoapa kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anayekijua.

Atakayesema kuwa Wamarekani wanavitumia kwa hiyo ni salama, akumbuke kuwa kwa sheria yao ya mwaka 1994 kirutubisho hakihitaji kuthibitishwa na mamlaka kuwa kinafaa kabla ya kuingia dukani. Kwetu, mwaka 2019, usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS, nayo iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kirutubisho cha kukondesha husimama hapo mlangoni: hutangazwa mitandaoni kama dawa na huingizwa nchini kama chakula. Muuzaji anayedai kuwa bidhaa yake inaondoa kilo kumi angepaswa kuleta ushahidi wa daraja lile lile linalotakiwa kwa dawa, au afute tangazo. Sioni ugumu wa jambo hilo. (Dawa anazoandika daktari kwa wagonjwa wa unene uliokithiri, akiwapima na kuwafuatilia, ni habari nyingine, sizizungumzii hapa.)

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kitu ambacho vijana hawakukiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Rakai, Uganda, waliuita ugonjwa mpya uliowakausha jamaa zao kwa jina la "slim". Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza kwa upande wetu walitambuliwa Kagera. Kwa miaka ishirini na zaidi baada ya hapo, aliyepungua aliangaliwa kwa jicho la pembeni, na minong'ono ilimtangulia sokoni. Kitambi kilikuwa cheti cha afya. Mwanamke aliyenawiri alikuwa ametunzwa na mumewe. Mume mwenye tumbo mambo yake yalikuwa yamemnyookea. Leo neno lile lile, "slim", limechapwa kwa rangi ya dhahabu juu ya makasha ya chai, na watu wanakopa ili walipate. Sicheki. Jamii iliyofundishwa na makaburi kuogopa wembamba, kisha ikaamriwa na simu za mkononi kuutamani, ina haki ya kuchanganyikiwa.

Na mimi? Baada ya binti yule kuondoka nilikwenda kupima, maana juu ya kitambi hakusema uongo. Kilo 96, shinikizo la damu 150 kwa 95. Nilikuwa nikinywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko tisa, karibu gramu 36, yaani kalori 140 na ushei. Kwa siku 50 zinaikaribia kilo moja ya mafuta, na hapo sijaitaja soda ya mchana: chupa ya nusu lita ya kola ya kawaida ina sukari ya gramu 50 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na bora iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25.

Niliacha soda. Chai nikaizoea kavu, jambo lililonichukua wiki tatu za kununa. Ugali niliupunguza ukawa wa ngumi moja, sahani nikaijaza matembele, mchicha na maharage. Chipsi za jioni nilizikata, kwa kuwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120 na wakaangaji wetu hawapimi kwa kijiko. Nilishuka daladala vituo viwili kabla ya changu, nikatembea dakika 40. Miezi minne ya kwanza nilipungua kilo tano, kisha mizani ikagoma kwa wiki saba. Krismasi nilikwenda kwa mama kijijini nikarudi na kilo mbili. Sijui kirutubisho kinachoweza kumsaidia mtu aliyepakuliwa pilau na mama yake. Baada ya miezi kumi na minne nilikuwa na kilo 85, na shinikizo limeshuka.

Haya yote hayakunigharimu shilingi; yalinipunguzia matumizi. Lakini ningekuwa mnafiki nikiishia hapo, kama wanavyoishia wahamasishaji wa redioni. Mimi nina mshahara, na njia ninayopita ina miti na kivuli. Mwambie "fanya mazoezi" mama anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, amesimama ndani ya basi kwenda na kurudi. Atatembea wapi, na saa ngapi? Njia ya waenda kwa miguu imeegeshwa magari. Uwanja wa wazi wa mtaa wake umejengwa baa au kituo cha mafuta, na aliyetia sahihi kibali chake anaheshimika mjini.

Nchi hii iliwahi kuiona afya kuwa jambo la umma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Siyatukuzi yote ya enzi zile. Vyoo vingine vilichimbwa ili bwana afya avione tu. Hata hivyo hakuna aliyemwambia mwanakijiji kuwa afya yake ni kasha analopaswa kulinunua kwa jirani. Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Lilikuwa jambo jema, na lingekuwa jema zaidi kama Jumatatu iliyofuata viwanja vilivyoporwa vingeanza kurudishwa. Afrika Kusini imekuwa ikitoza kodi maalumu vinywaji vyenye sukari tangu 2018. Sisi tungeweza kutoza, fedha zikanunua mizani na vipima shinikizo kwa kila zahanati, pamoja na mtu wa kumweleza mwananchi maana ya namba anazosomewa.

Mwezi uliopita binti yule alirudi. "Mwalimu umepungua!" alisema mlangoni, hata kabla ya shikamoo. Nilimsimulia. Alisikiliza, akatabasamu kwa aibu, kisha akaniomba picha mbili, ya zamani na ya sasa. Kikundi chake cha WhatsApp kinadai ushuhuda wa "kabla na baada", na hadi siku hiyo hakuwa amepata hata mmoja.

Nilimkatalia. Hakukasirika. Alitoa kwenye mkoba bahasha ya maombi ya kazi akaniuliza kama ningeweza kumwandikia barua nyingine ya kumdhamini. Niliiandika pale pale. Ni ya tano tangu ahitimu.