Matope Nayo Yanahitaji Seva ya Majaribio

Wasomaji wangu wa PHP na Java mnisamehe, leo nazungumzia matope.

Kazi ya kuandika programu ina kanuni moja: programu mpya haijaribiwi kwenye seva inayohudumia wateja. Unaitengenezea seva yake ya majaribio. Huko ivunje utakavyo, hakuna mteja atakayelia. Sasa mbona wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne hapa kwetu Ruiru na Thika hawana mahali kama hapo? Anayetaka kuonja matope huingia kingo za mto, au kwenye majani ya ng'ombe ya mtu. Hiyo ndiyo seva ya wateja, ndugu yangu!

Jumamosi iliyopita nilikwenda na marafiki wawili, kwa Land Rover kuukuu, hadi kwenye shimo la mawe lililoachwa upande wa Ndarugu, kule Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Mwenye ardhi alituruhusu. Kuta zimekatwa wima, chini ni mwamba, vifusi na udongo mweusi unaonata. Mteremko mmoja mfupi ulitumaliza saa nzima: huyu kashuka kutazama gurudumu, yule anapanga mawe, winchi inavuta. Hakuna aliyekimbiza gari. Lakini upande wa pili maji ya mvua yamejaa, bila ua wala kibao, na watoto walikuwa wakiogelea. Si mara moja tumesikia habari za mtoto aliyezama kwenye shimo la namna hiyo.

Maoni yangu ni haya: baadhi ya mashimo hayo yageuzwe viwanja vya magari haya. Mwenye ardhi atoze kiingilio, azungushie maji ua, aweke mlinzi langoni. Shimo linaloingiza pesa hulindwa. Lisiloingiza kitu huachiwa watoto.

Mtasema naota. Haya, kule Mombasa René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, na leo watu hulipa kuingia Haller Park. Thika nayo ina historia yake: kiwanda kilichoanzishwa 1974 kwa jina la Leyland Kenya, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha Land Rover papa hapa. Mji ulioliunda gari hauna pa kulichezesha!

Wengine watasema huu ni mchezo wa matajiri wa kuharibu mazingira. Watazame Rhino Charge, iliyoanza 1989. Humo hashindi mwenye mbio, bali anayefikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. (Hesabu tamu sana kwa aliyesoma algorithimu.) Pesa zake zilisaidia kujenga ua wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika 2009. Mito ya Chania na Thika inatoka huko. Kwa hiyo ukinywa maji ya mfereji Thika, unakunywa faida kidogo ya matope.

Kinachotakiwa ni Kaunti ya Kiambu iandike masharti ya ukurasa mmoja: ua, idadi ya magari kwa siku, mafuta yasimwagike majini, na majirani wasikilizwe kuhusu kelele na vumbi. Tuanze na shimo moja. Toleo la kwanza la programu huwa dogo, na hurekebishwa likitumika.

Haya, mwenye shimo yuko wapi?