Servola kubwa: musiikataze, mutupe uwanja

Siku moja ya yenga, mwezi wa nane, kijana wa jirani aliburutwa chini karibu mita kumi na tano, hapa Kolwezi, ku mwisho wa avenue yetu. Haikuwa motari wala kamyo. Ilikuwa servola, cerf-volant, ile Watanzania wanaita tiara. Aliinunua dola 40 kwa mzungu mmoja wa kampani aliyekuwa anauzisha vitu vyake mbele ya kurudi kwao. Mita mraba 5 za kitambaa, kamba nne, begi nzuri, karatasi ya maelezo hakuna. Kijana akazungusha kamba mara mbili ku mkono juu isimponyoke. Upepo ukakaza. Wenzake wawili wakamshika ku mukaba, na wote watatu wakaenda. Kilichowasimamisha ni waya za barbele za konsesio.

Nilikuwa pale. Nilikimbia nikipiga kelele "Achilia! Achilia!", lakini kamba ikishaingia ku nyama ya mkono hakuna tena cha kuachilia. Bega lilitoka mahali pake, na kiganja kilishonwa.

Kesho yake chef wa avenue akaita watu. Mama mmoja akasema: "Hii kitu iko ya shetani, bapasule yote." Baba mmoja akamjibu: "Ni mchezo ya batoto, ule kijana njo hana nguvu." Chef akamaliza kwa kusema kila servola itakayoonekana, ndogo ao kubwa, itachukuliwa. Mimi sikubaliani na yeyote kati yao, na njo sababu naandika.

Najua kuna watakaouliza delege wa sendika anatafuta nini ku mambo ya servola. Nitajibu hivi: nimekaa miaka mingi ku komite ya sekirite, na kazi yetu pale ni kuangalia nguvu ambayo watu hawaioni. Kamba ya chuma ya mashine ya kuvuta, ikiwa imelala chini, mtu anairuka bila kufikiri. Ikikazwa, hakuna anayeruhusiwa kusimama karibu. Ni kamba ileile. Niliyoyaona siku ile ku mwisho wa avenue niliyajua tayari, paka rangi ndiyo ilikuwa ingine.

Tunakosea tangu ku jina. Servola ya watoto wetu, ile ya sashe na vijiti na uzi mmoja, kazi yake ni kusimama juu tu. Ile ya kijana kazi yake ni kuvuta. Kuziita jina moja ni kama kuita baiskeli na kamyo ya mgodi jina moja juu zote ziko na magurudumu. Na si kitu cha leo. Mwalimu mmoja wa Bristol, Uingereza, George Pocock, alifunga servola ku gari likatembea bila farasi, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1826. Alishawahi hata kumuinua binti yake angani akiwa ameketi ku kiti. (Musijaribu.) Mwaka 1964 Domina Jalbert, ku Marekani, akatengeneza ile isiyo na kijiti hata kimoja: mifuko ya kitambaa iliyoshonwa pamoja, hewa inaingia kwa mbele na kuifanya ngumu kama bawa. Ya kijana wetu ni mjukuu wa ile. Halafu wandugu wawili wa Bretagne, Bruno na Dominique Legaignoux, mwaka 1984 walileta ile ya kujazwa upepo kama chambre ya tairi, ya watu wanaotembea juu ya bahari.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa bahati. Sendika ilinituma mara moja Belgique kwa mafunzo ya sekirite, na siku ya mapumziko wakatupeleka De Panne, ku bahari, karibu na mpaka wa Ufaransa. Maji yakirudi nyuma, mchanga unabaki mpana, mgumu, hakuna mti, hakuna nguzo. Pale watu wanakaa ndani ya vigari vya magurudumu matatu na servola inawavuta mbio. Mzee mmoja aliona ninashangaa, akaniita. Nilifikiri atanipa ile kubwa aliyokuwa anachezea. Hapana. Alitoa ku gari lake kitu kidogo kama shuka ya mtoto, mita mraba moja na nusu, kamba mbili. Nikaona ananizarau. Baada ya dakika tano mikono ilikuwa inatetemeka.

Akanifundisha kusimama. Mgongo ku upepo, mikono inyooshwe pande mbili. Pembeni kabisa upande wa kushoto, pembeni upande wa kuume, na juu kabisa ya kichwa, pale servola inapumzika, haivuti sana. Lakini mbele yako katikati, kule upepo unakwenda, pale nguvu yote iko. Mtu mwenye kujua anairusha kutokea pembeni, anaipandisha polepole hadi juu, na akitaka kuvutwa kidogo njo anaiteremsha katikati. Kijana wetu aliiweka chini mbele yake kabisa, katikati, upepo mkali mgongoni, halafu akavuta. Hakuna aliyemwambia.

Na kuna hesabu moja ambayo ningependa iandikwe ku ukuta wa kila duka. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu ya servola haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Ukizidi mara tatu, ni mara tisa. Tena servola ikikimbia angani inajitengenezea upepo wake mwenyewe juu ya ule wa kawaida. Njo sababu ilikuwa tulivu, tulivu, na ghafla watu watatu wakaenda chini. Baba aliyesema kijana hana nguvu akapime hesabu hiyo na kilo zake.

Basi mwenye kuanza achukue gani? Ndogo. Nasema ndogo hata kama mabega yako ni ya mchimbaji. Mita mraba moja na nusu mpaka mbili, kamba mbili zenye urefu wa mita ishirini hivi, zifike sawasawa, juu kamba moja ikizidi kwa urefu hata vidole vichache, servola inazunguka paka upande mmoja. Na kabla ya kutoa dola uifungue yote chini. Uangalie mishono, uangalie kama kamba ina mafundo ao mahali imelika, uangalie kama wameandika ukubwa na upepo unaofaa. Muuzaji akikataa uifungue, rudisha mfuko wa pesa.

Zile za kamba nne si mbaya, hapana, kwa mtu aliyekwisha kuzoea zinafaa kupita zile za kamba mbili, juu zina breki: kamba mbili za juu zinavuta, mbili za chini zinasimamisha. Lakini ziwe na mikanda ya sekirite ku viwiko vya mkono. Hii mikanda inashika kamba za breki tu. Ukiachilia vishikio, breki peke yake inabaki imevutwa, servola inakunjika na kuanguka bila nguvu, na haikimbii kwenda kumkata mwingine. Nyingine iko na fimbo moja na kamba ya tatu ya kuiangusha, nayo ni nzuri kwa mwenye kuanza. Ile ya dola 40 ilikuwa na vishikio tu, mikanda ilikuwa imekatwa. Kwangu ile ni kama mashine bila kifungo cha kuizimisha, na ku kazi mashine kama ile tunaweka kadina mpaka itengenezwe.

Zile za kujazwa upepo, za baharini, musinunue za kuchezea juu ya udongo wa Kolwezi. Ni kubwa, zimefanywa kwa kuinua mtu kutoka maji, na mtu akianguka kule anaangukia maji. Hapa ataangukia nini?

Kamba zenyewe ni nyembamba na ngumu sana, zikiwa zimekazwa zinakata kama kisu. Usizungushe ku mkono, ku kidole, ku kiuno, na usifungie ku motari (ndiyo, nimeona). Vaa ma-gants na kaske. Hapo sisi wa Kolwezi hatuna cha kusingizia, karibu kila nyumba ina kaske imetundikwa ku msumari.

Upepo wa kuanzia ni ule unaotikisa majani bila kupumzika na kunyoosha bendera ndogo, kilometa 12 mpaka 19 kwa saa. Vumbi na makaratasi yakianza kuruka kutoka chini, mwenye kuanza akunje. Nasema vumbi ya upepo, si ile ya makamyo, juu kwa ile ya makamyo hatungerusha hata siku moja. Na nyuma ya milima ya udongo wa mgodi upepo ni wa kudanganya: unavunjika, unazunguka, unakufa, unarudi kwa nguvu. Mwezi wa kumi, mawingu yakishaanza kupanda na radi kusikika hata mbali, hakuna servola, kubwa wala ndogo.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Yote niliyosema mtu anaweza kuyafuata, na bado Kolwezi hana pa kusimama. Kamba za mita ishirini zinaomba nafasi ya wazi mara mbili mpaka tatu ya urefu huo kila upande, bila barabara, bila watu wanaopita chini, bila waya. Muangalie juu. Laini ya Inga, tangu 1982, inatembea kilometa karibu 1 700 kuja kumalizikia kwetu hapa, volti 500 000, na kutoka hapa waya zinagawanyika kwenda ku viwanda. (Mangapi ya makao yaliyo chini yake yanapika na makala, hiyo ni habari ya siku ingine.) Kamba ya servola yenye unyevu na vumbi inaweza kupitisha kuran. Na nimekuta watoto, kwa macho yangu, wanarusha servola ya sashe na waya mwembamba wa shaba waliotoa ku mota iliyoungua, juu haukatiki upesi. Mzazi akiona shaba ku mkono wa mtoto wakati ule, aichukue palepale, asingoje maneno. Servola ikinaswa ku waya ao ku piloni, imekwisha, ni mali ya piloni.

Halafu muangalie chini. Mwenye kurusha servola anatazama juu na anatembea kinyumenyume. Ku miji ingine ataangukia jiwe. Sisi, tangu 2014 wakati watu wa Kasulo walianza kuchimba kobalti hata ndani ya parselle zao, tunajua vizuri kilicho chini ya miguu. Kuna mashimo hayajafunikwa, kuna yaliyofunikwa na bati na udongo kidogo. Uwanja ambao mimi nilichezea mpira nikiwa ku shule ya segondari leo uko ndani ya barbele. Mwingine ni depo ya mifuko ya madini. Njo sababu vijana wetu walikwenda kurushia pale, ku mwisho wa avenue, kati ya barbele na barabara. Hawakupachagua kwa ujinga. Hapakuwa pengine.

Kwa hiyo chef akichukua servola zote, nini itabaki kwa kijana wa miaka kumi na saba siku ya yenga? Sisi tunajua nini itabaki: kidilu cha pombe ku kona, ao kushuka ku shimo na wakubwa. Mimi nachagua servola. Lakini na sheria zake.

Kode ya migodi, tangu ilipobadilishwa mwaka 2018, inalazimisha kampani kutoa angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na mgodi. Kuna pia cahier des charges, ambayo wakaaji wana haki ya kusema wanataka nini ndani yake. Tunaomba shule, maji, maternite, na ni sawa, viende mbele. Sijasikia hata siku moja mtu ameomba uwanja mtupu, kwa sababu uwanja mtupu unaonekana kama si kitu. Mita 200 kwa 200, hekta nne, mbali na waya, mashimo yapimwe na yajazwe kabisa, hakuna barbele. Watoto wa mpira watacheza, watoto wa servola watarusha asubuhi. Kampani moja inamwaga udongo juu ya hekta nyingi kuliko hizo bila kuuliza mtu.

Kijana bado amefunga mkono ku shingo. Nilikwenda kumuona, akaniuliza kama ile servola yake naweza kuitengenezea mikanda. Nilimjibu itabaki kwangu, ku sanduku, mpaka atakapotumia ndogo msimu mzima wa kiangazi. Alikasirika. Mama yake alicheka, halafu akaniuliza ndogo inapatikana wapi na ni bei gani. Chef wa avenue nimemuomba aweke uwanja ku orodha ya mambo ya mkutano ujao wa wakaaji na kampani. Amesema ataangalia. Mimi nitakuja na mita yangu ya kupimia, na wazazi wanaotaka wakuje pamoja nami.