Kompyuta inasoma kinyama, lakini majibu yafuatilie mwenyewe

Wiki hii mama mmoja alikuja kliniki hapa Njiro na swali. Amekatwa kinyama kwenye titi, ameambiwa asubiri majibu, na mwanawe amemsomea kwenye simu kwamba siku hizi kompyuta inasoma kinyama kwa dakika chache. "Sasa dokta, mbona mimi nasubiri?"

Ana haki ya kuuliza. Kinyama kikitolewa mwilini huhifadhiwa kwenye dawa iitwayo formalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Vipande hupakwa rangi na kuwekwa kwenye kioo ili daktari wa patholojia avitazame kwa hadubini. Sasa kioo hicho kinaweza kupigwa picha. Picha za vipande vinavyofuatana zikipangwa, kompyuta hujenga umbo la tishu nzima. Programu iliyofunzwa kwa picha zilizowekewa alama na wataalamu huweza pia kuonyesha seli zenye mashaka.

Kwa jirani zetu Kenya, jambo linalokaribiana na hilo limejaribiwa. Mwaka 2018 na 2019, katika Hospitali ya Kinondo Kwetu, kaunti ya Kwale, wanawake 740 wanaoishi na VVU walipimwa mlango wa kizazi. Seli zilikwanguliwa na kupakwa kwenye kioo, kioo kikapigwa picha hapohapo, na picha zikatumwa kwa mtandao wa simu. Katika vioo vilivyotumika kuijaribu programu, hakuna hata kimoja chenye mabadiliko makubwa machoni pa wataalamu ambacho programu ilikiita salama.

Inatia moyo, ingawa hiyo ni hospitali moja. Tukumbuke pia kwamba kompyuta huona kilicho kwenye kioo tu. Kinyama kilichoharibika kwa kuchelewa kutiwa formalini hakiokolewi na programu yoyote. Na jibu lililolala kwenye faili halimtibu mtu.

Yule mama tulipiga simu pale alipopimwa. Majibu yake yalikuwa tayari tangu siku tisa zilizopita. Hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo ukikatwa kinyama, usiondoke kabla ya kuuliza: Kimeshatiwa formalini? Chombo kimeandikwa jina langu? Kinapelekwa maabara gani? Majibu yanatoka lini, na nimpigie nani? Andika majibu hayo kwenye daftari lako. Siku ikifika nenda, hata kama uvimbe hauumi. Saratani ikiwa changa mara nyingi haina maumivu.

Nanyi wazazi wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14, chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi imekuwa dozi moja tu hapa nchini tangu 2024. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto aliyechanjwa mapema ana nafasi kubwa ya kutofika kwenye foleni ya kusubiri majibu ya kinyama.