Mlango wa Gari Ukigoma, Usikimbilie Kukata Waya

Leo tuweke kando simu na kompyuta kidogo, ingawa mkifika mwisho mtaona hatujaziacha mbali. Nataka tuzungumze juu ya magari ya familia yenye mlango wa pembeni unaojifungua kwa umeme: Noah, Voxy, Alphard, Serena, Stepwagon na wenzao. Unabonyeza rimoti, mlango unateleza wenyewe, watoto wanaingia, unabonyeza tena, unajifunga. Raha tupu, mpaka siku mlango ugome.

Ukigoma, hapa kwetu utasikia dawa tatu. Ya kwanza: "Toa fyuzi, usukume kwa mkono." Ya pili: "Hiyo ni sensa, tukate waya wake." Ya tatu: "Mota imekufa, tukutafutie nyingine ya mtumba." Msimamo wangu ni huu: dawa ya tatu mara nyingi ni hasara, ya kwanza ni sawa ikifanywa kwa utaratibu, na ya pili haifai kabisa. Mlango unaogoma huwa unasema jambo. Kabla hujaukata ulimi, sikiliza unasema nini.

Kilichomo ndani ya mlango

Kwa nini mwandishi wa programu aingilie mambo ya milango? Kwa sababu mlango huu ni kompyuta. Ndani kuna mota inayozungusha kigurudumu, na kigurudumu kinavuta kamba ya chuma inayopeleka mlango mbele na nyuma. Mlango wenyewe unatembea juu ya reli kwa rola ndogo: juu, katikati na chini. Kwenye kitasa, magari mengi yana mota nyingine ndogo inayouvuta mlango ule mwendo wa mwisho hadi ubane kabisa. Juu ya hayo yote kuna kisanduku cha kompyuta kinachoamua: nifungue, nisimame, au nirudi nyuma?

Kisanduku hicho hakina macho. Kinajua mlango umefika wapi kwa kuhesabu mizunguko ya mota. Kinajua kuna kizuizi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mota kupunguza kasi au kuvuta umeme mwingi kuliko kawaida. Njia ya pili ni ule utepe wa mpira kwenye ukingo wa mlango, ambao ndani yake mara nyingi kuna nyuzi mbili za umeme. Ukibanwa, nyuzi hugusana, na mlango unarudi nyuma.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kwa kompyuta ile, mchanga uliojaa kwenye reli na mkono wa mtoto vinafanana sana. Vyote viwili vinaifanya mota ihangaike. Kwa hiyo mlango unaofunga nusu kisha unarudi si lazima uwe umeharibika. Huenda unafanya kazi yake sawasawa: umehisi uzito usio wa kawaida na ukaamua kutobahatisha. Mimi ningeandika programu hiyo hivyo hivyo. Heri mlango urudi mara kumi bila sababu kuliko ukose kurudi mara moja yenye sababu.

Sasa mtu akikata waya wa sensa ili "usisumbue", amefanya nini? Tena zipo tepe ambazo mwisho wake kuna rezista ndogo, ili kompyuta itofautishe hali tatu: utepe mzima, utepe uliobanwa, na utepe uliokatika. Ukikata waya hovyo, kompyuta inajua na inakataa kazi. Basi fundi mjanja anaweka rezista ya bandia kuidanganya kwamba utepe upo na ni mzima. Mlango unafanya kazi, mteja anafurahi, pesa inalipwa. Lakini mlango ule sasa unaongozwa na uwongo, na anayekaa karibu nao ni mtoto. Sisi tunaoandika programu tunaijua tabia hii: ni kufuta ujumbe wa hitilafu badala ya kurekebisha hitilafu. Kwenye tovuti utapoteza data. Kwenye mlango utavunja vidole.

Fyuzi si jambo dogo

Je, kutoa fyuzi? Wengi wanasema: mlango ukibaki wa mkono kuna hasara gani? Wazazi wetu walisukuma milango ya matatu miaka yote. Ni hoja nzuri, na sina ugomvi na mlango wa mkono. Ila umeme ukikatika katikati ya kazi, mlango hauwi wa mkono tu. Unaweza kubaki nusu kati ya hali mbili.

Mfano upo. Novemba 2016 Toyota ilitangaza kuwaita tena wenye magari ya Sienna, gari la familia linalouzwa Amerika Kaskazini, ya miundo ya mwaka 2011 hadi 2016. Marekani peke yake yalikuwa kama magari 744,000. Tatizo lilikuwa hili: mlango ukizuiwa usifunguke, kwa mfano ukiwa umeganda kwa barafu, umeme mwingi unapita kwenye mota na fyuzi inakatika. Ikikatika wakati kitasa kimeshaachia, mlango unaweza kufunguka gari likiwa barabarani.

Hapa Nairobi hatuna barafu, na Sienna si Noah. Lakini fundisho linatuhusu sote. Fyuzi ilifanya kazi yake, ikalinda waya. Mota ilikuwa nzima. Hatari ilitokea kwa sababu mfumo ulikatwa umeme katika hatua mbaya, kitasa kikiwa wazi. Kwa hiyo ukiamua kuachana na umeme, usianze na fyuzi. Anza na swichi kuu ya mlango wa umeme, ile iliyo karibu na dereva kwenye magari mengi ya aina hii. Funga mlango kabisa kwanza, zima swichi, kisha uvute kwa nguvu kutoka nje kuhakikisha umebana. Angalia na ile taa ya dashibodi inayoonyesha mlango wazi: ni lazima iwe imezimika. Kama mlango haubani vizuri kwa mkono, basi tatizo liko kwenye kitasa, na gari hilo halifai kubeba mtoto mpaka kitengenezwe.

Gawa tatizo mara mbili

Dawa ya tatu, kununua mota, inaweza kuwa ya kweli. Mota hufa. Lakini kuinunua kabla ya kupima ni kucheza bahati nasibu. Ukienda Kirinyaga Road bila kujua unachotafuta, utarudi na kitu, na huenda kisiwe dawa.

Sisi tukitafuta kosa kwenye programu ndefu, hatusomi mstari kwa mstari. Tunaigawa mara mbili na kuuliza kosa liko upande gani. Mlango nao unagawanyika hivyo. Zima swichi kuu, kisha uteleze mlango kwa mkono, mwendo wote, polepole.

Mlango ukiwa mzito au unakwama mahali pamoja, tatizo ni la chuma: reli, rola au kamba. Angalia reli ya chini kwanza. Huko huishia kila kitu: mchanga wa barabara za murram, maganda ya njugu, sarafu, vipande vya biskuti, vikichanganyika na grisi ya zamani hadi iwe kama lami. Gari la binamu yangu lilikuwa na ugonjwa huu. Alikuwa ameshaambiwa anunue mota na kisanduku chake. Tulipozima swichi na kuusukuma, mlango ulikuwa mzito kama gunia la mahindi. Reli ikasafishwa, rola moja iliyolika ikabadilishwa, na mota ile ile "iliyokufa" inafanya kazi hadi leo.

Mlango ukiteleza kwa wepesi, basi tatizo ni la umeme au la amri. Hapo pita hivi, kuanzia lisilo na gharama:

1. Je, swichi kuu imewashwa? Watoto hubonyeza kila kitu.

2. Mlango unakataa kishikio cha ndani tu? Angalia kitasa cha usalama wa watoto kwenye ukingo wa mlango. Hiyo ndiyo kazi yake.

3. Kifuniko cha mafuta kiko wazi? Kwenye magari mengi ya aina hii, mlango wa upande wa tangi huzuiwa kifuniko kikiwa wazi, usije ukagonga bomba la petroli.

4. Gia iko P? Mifumo mingi haitii amri gari likiwa kwenye mwendo.

5. Mlango unafanya kazi injini ikiwaka na unakataa ikizimwa? Pima betri kabla ya kulaumu mlango. Betri iliyochoka inaweza kuwasha injini lakini ikashindwa kuubeba mlango.

6. Betri iliondolewa karibuni? Kompyuta huenda imesahau hesabu yake ya mahali mlango ulipo. Kwa magari mengi, kuufunga kabisa kwa mkono mara moja kunamrejeshea kumbukumbu. Kitabu cha gari kitakueleza la kwako.

7. Unakubali leo, kesho unakataa? Shuku nyaya. Mlango unatembea, kwa hiyo nyaya zake hukunjwa na kukunjuliwa kila unapofunguliwa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Piga hesabu: mara kumi tu kwa siku kwa miaka minane ni zaidi ya mara 29,000. Waya wowote ungechoka. Waya uliochoka huunganishwa kwa kazi safi. Haukatwi na kuachwa.

Ukimaliza hayo saba bila jibu, sasa nenda kwa fundi wa umeme wa gari. Lakini hutaenda mikono mitupu. Utamwambia: "Mlango ni mwepesi kwa mkono, betri ni nzima, unafunga nusu kisha unarudi, na ni upande wa kushoto tu." Sentensi hiyo moja inakuokolea nusu siku ya kubahatisha.

Dai nambari, si maneno

La mwisho ni ombi kwenu na kwa mafundi wetu. Kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, ambacho wengi mnacho, kwa kawaida husoma hitilafu za injini, zinazoanza na herufi P. Hitilafu za mlango ni za bodi na huanza na B. Zinahitaji skana inayoweza kuongea na kisanduku cha bodi cha aina hiyo ya gari. Kwa hiyo kifaa chako kikisema "hakuna hitilafu", usiamini kwamba mlango ni mzima. Hakikuuliza swali hilo.

Mwambie fundi akusomee nambari hiyo, na uiandike, kabla hajafungua parafujo hata moja. Akisema haina haja, tafuta fundi mwingine. Na kama gari lako limetoka Japani, jua kwamba barua za kuita magari kwa marekebisho hazikufuati Nairobi au Kisumu. Toyota, kwa mfano, ina ukurasa wa Kijapani unaokuruhusu kuingiza nambari ya chesisi na kuona kama gari liliitwa. Kazi hiyo ni ya dakika tano hata kwa asiyejua Kijapani, maana siku hizi kivinjari kinatafsiri.

Wapo watakaoniambia watengenezaji walitudanganya, mlango wa kawaida ungetosha. Labda. Lakini muulize mama mwenye mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na mvua ya Aprili inanyesha, kama mlango ule ni anasa. Au mzee asiye na nguvu za kuvuta chuma. Kwao unafaa sana, na ndiyo maana inafaa utengenezwe ipasavyo. Na ukishindwa kuumudu, zima swichi, usukume kwa mkono, na hakuna aibu.

Kisichokubalika ni ule mlango wa katikati: unaojifunga kwa nguvu za mota huku macho yake yakiwa yamepofushwa. Kama unanunua gari la mtumba wiki hii, usimwamini muuzaji wala mimi. Chukua boksi tupu la maziwa, lishikilie kwenye njia ya mlango, bonyeza kitufe cha kufunga, vidole vyako viwe mbali. Mlango ukigusa na kurudi, endelea na mazungumzo ya bei. Ukilibana boksi hadi likabonyea, omba swichi izimwe hapo hapo, na usilitoe gari hilo uwanjani bila kujua nani alikata nini.