Tochi ya Mtoto wa Taipei

Kila magenge ya vijana wenye mapanga yanapozusha hofu katika miji yetu, kama walivyofanya wale walioitwa panya road Dar es Salaam na wenzao wa Kisauni, Mombasa, husimama watu wazima wenye heshima zao wakailaumu sinema, wakashikilia kwamba mtoto hujifunza kuua kwa kutazama wauaji. Siwabezi wasemao hivyo, maana ziko filamu tele ambazo ndani yake upanga hung'arishwa kama pambo la bibi arusi, na damu humwagwa ili macho yastarehe. Walakini iko filamu moja ya magenge ya watoto ambayo ningependa kila mzazi, mwalimu na kadhi aitazame, ijapokuwa inachukua karibu saa 4 na watu huuawa ndani yake. Nayo ni A Brighter Summer Day, iliyoongozwa na Edward Yang huko Taiwan na kutolewa mwaka 1991.

Kisa chake kina asili ya kweli. Mwaka 1961, mjini Taipei, mvulana mwanafunzi alimchoma kisu msichana aliyempenda, akamuua katika mtaa wa Guling, na jina la filamu kwa Kichina limetokana na mauaji hayo. Yang alikuwa na umri wa miaka 13 wakati huo, akikulia katika mji uo huo, mtoto wa wazazi waliotoka China bara kama walivyo wazazi wa wahusika wake. Serikali ya Kuomintang iliposhindwa na Wakomunisti mwaka 1949, ilikimbilia kisiwani pamoja na majeshi yake, makarani wake na jamaa zao, nao wakadhani kwamba wangerejea makwao baada ya muda mchache. Wengi wakaingia katika nyumba za mbao zilizoachwa na Wajapani, ambao walikitawala kisiwa hicho kwa miaka 50 hadi 1945, na watoto wao, wakipekuapekua darini, wakaokota silaha ambazo wenyewe walikwisha kwenda zao. Ndani ya filamu hii upanga wa Kijapani na jambia fupi la Kijapani vinashikwa na wana wa watu waliopigana na Wajapani; mtoto akarithi chuma asichojua historia yake.

Hao wana wakajigawa. Kundi la Bustani Ndogo lilikuwa la wana wa makarani, na kundi la 217 la wana wa askari, na ugomvi wao ulihusu mambo ambayo mtu mzima angeyaona duni: nani ashike ukumbi wa muziki, nani atembee na msichana fulani. Lakini mtoto ambaye nyumbani husikia minong'ono tu, ambaye baba yake hulala na hofu na mama yake huhesabu senti, hutafuta mahali ambapo jina lake linatajwa kwa sauti kubwa, na genge humpa jina hilo siku ile ile anapojiunga.

Yang, kwa maoni yangu, aliliona jambo ambalo wengi wetu hatupendi kuliona. Katika filamu hii wako baba na mwana, na walioigiza ni baba na mwana wa kweli, Chang Kuo-chu na Chang Chen, kijana huyu akiwa ndiyo kwanza anaingia katika filamu. Mwana, jina lake Si'r, anasingiziwa shuleni kuwa alishiriki udanganyifu katika mtihani. Baba anamwendea mkuu, anasimama kidete kumtetea mwanawe, anapaza sauti, na adhabu inazidi kuwa nzito. Wanarudi nyumbani wakikokota baiskeli zao, na baba, aliyeshindwa, anamwusia mwanawe aamini kwamba bidii yake mwenyewe ndiyo itakayoamua mustakabali wake. Sidhani kama nimepata kuona katika sinema mapenzi ya baba yaliyo tulivu kuliko hayo. Kisha askari wa siri wanamchukua baba, wanamhoji siku kwa siku, wanamtaka aandike maisha yake yote na majina ya marafiki zake, na anaporudi nyumbani ni mtu mwingine, mwenye kushtuka usiku kwa wezi wasiokuwapo. Mara ya pili anapoitwa shuleni anainamisha kichwa na kusihi, naye Si'r, akiona jinsi baba yake alivyodhalilika, anachukua gongo la mchezo na kuipasua taa iliyoning'inia. Hapo ndipo genge lilipompata, nami nathubutu kusema kwamba hapo ndipo msichana alipoanza kufa, ingawa kisu kilikuwa bado kabatini.

Wako wanaolalamikia urefu wa filamu hii, nami nawaambia kwamba mtoto haharibiki katika dakika 90.

Sasa nije kwenye ukatili wenyewe, kwa kuwa ndio unaowatia watu wasiwasi. Usiku wa tufani, umeme umekatika, Bustani Ndogo na washirika wao wanakuja wamevaa makoti ya mvua, wamepanda riksho, kulipiza kisasi cha kiongozi wao ambaye mkuu wa 217 alimsukuma mbele ya gari. Mauaji yanafanyika gizani. Mtazamaji hupata mwanga wa mshumaa, kisha giza, kisha vishindo na vilio, hata tochi ya Si'r inapoingia na kutuonyesha kidogo kidogo kilichobaki sakafuni, mtu mmoja katika roho ya mwisho. Tochi hiyo aliiiba katika studio ya filamu iliyo jirani ya shule, na ndiyo aliyokuwa akiiwasha na kuizima kitandani mwake, ndani ya kabati la ukutani, akiandika mambo yake. Yang ametunyima starehe ya kuuona upanga ukikata, akatupa mwanga wa kutosha kuujua uso wa anayekufa. Ni hesabu ya mtu mwenye haya, na laiti waongozaji wetu wangeiiga.

Siku ya mwisho Si'r anaiacha tochi studioni, anakwenda mtaa wa Guling na lile jambia, akimtafuta rafiki yake. Anamkuta msichana, Ming, naye anamwambia kwamba hawezi kubadilishwa kama dunia isivyoweza kubadilishwa. Anamchoma katikati ya watu. Kamera imesimama mbali, wapita njia hawatambui upesi, naye mvulana anamsihi maiti ainuke, kama mtoto aliyevunja chombo cha mama yake na kutamani kijiunge chenyewe kabla hajarudi.

Filamu haiishii hapo. Mama yake yuko uani, anafua na kuanika, na redio inasoma majina ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu, moja baada ya jingine, kwa sauti isiyo na haraka. Mkono wake unakuta shati la sare ya mwanawe katikati ya nguo, naye analishika, wala halianiki, majina yakiendelea kusomwa.