Ute wa Mjamzito Si Uchafu

Mama mjamzito akisema ute umemzidi, jirani humjibu: "Unatokwa na uchafu." Katika neno hilo ndimo zinamozaliwa ndimu, sabuni na shabu za kujiosha ndani. Nataka kuyajibu madai yanayolifuata, moja moja.

"Ute mwingi ni uchafu." Hapana. Wakati wa mimba homoni ya estrojeni hupanda sana, na seli za ukuta wa uke hujaa glikojeni, sukari ileile ya akiba inayowekwa na ini na misuli. Kimeng'enya cha amilasi, ndugu wa kile kilichomo kwenye mate, huikata vipande vidogo. Bakteria wa jamii ya laktobasili huvila vipande hivyo na kutoa asidi ya laktiki, inayoishusha pH ya uke hadi chini ya 4.5, ambako vijidudu vingi vya maradhi havistawi. Daktari Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza bakteria hao tangu mwaka 1892. Juu ya uke, mlango wa kizazi umezibwa na ute mzito: protini zilizovikwa minyororo ya sukari, kizibo kinachomlinda mtoto mpaka uchungu ukaribie.

"Kujiosha ndani huzuia maambukizi." Dai hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa anayelifuata hudhani anajilinda. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 1,000 waliofanya biashara ya ngono Mombasa. Waliojiosha ndani, kwa maji au kwa sabuni, waliambukizwa VVU zaidi kuliko wasiojiosha. Hao hawakuchaguliwa kwa ujauzito, lakini ulinzi unaooshwa ni uleule. Laktobasili wakipungua, bakteria wengine kama Gardnerella na Prevotella hushika nafasi. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachonyofoa sukari za ncha za ile minyororo, na ute uliokuwa mzito unakuwa mwepesi. Hali hiyo, vajinosisi ya bakteria, huonekana zaidi kwa wanaojifungua kabla ya wiki 37. Uke hujisafisha wenyewe. Maji ni ya nje tu.

"Sukari ya ukeni inatokana na soda." Inatengenezwa na mwili wenyewe. Ila mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupata fangasi kwa urahisi, naye anahitaji kupimwa.

"Weka mtindi ndani." Bakteria wa mtindi ni wa maziwa; wenyeji wa uke, kama Lactobacillus crispatus, ni spishi nyingine. Mtindi unywe.

"Basi wajawazito wote wenye vajinosisi wapewe dawa, watoto njiti waishe." Ningependa iwe hivyo. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2018 liliwahusisha wajawazito zaidi ya 2,800 wenye hali hiyo waliokuwa katika hatari ndogo ya kujifungua mapema. Antibiotiki ya klindamaisini haikupunguza mimba kuharibika wala kujifungua mapema mno. Kwa hiyo antibiotiki za duka la dawa, bila kupimwa, si kinga ya njiti.

Mwenye dalili hutibiwa. Ute wa kijivu wenye shombo la samaki, au muwasho mkali, upelekwe kliniki. Maji yanayotiririka au damu, siku hiyohiyo. Akifika, amweleze nesi rangi, harufu na siku ulipobadilika, na asijioshe ndani kabla ya kupimwa.