Mbung'o Mwenye Mtoto Mmoja

Uendapo mtoni kuteka maji, iwe Enyau upitao Arua au mito ya upande wa Koboko, huenda umeona ukingoni kitambaa kidogo cha buluu, ubavuni mwake wavu mweusi. Ni mtego wa mbung'o, mdudu aambukizaye malale. Kitambaa kina sentimita 25 kwa 25, na wavu vivyo hivyo, navyo vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Majaribio yake yalianza Arua mwaka 2011.

Wengine hucheka: leso itamwezaje mdudu aliyewahamisha wazee wetu mabondeni? Jibu limo katika uzazi wake. Nzi wa jalalani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike hatagi. Hubeba funza mmoja tumboni, humlisha maziwa humo humo, naye humzaa akiwa mkubwa baada ya siku 9 au 10 hivi. Funza hujichimbia udongoni upesi, na mwezi mmoja baadaye hutoka nzi kamili.

Kazi hii huongozwa na matarishi wa mwilini waitwao neuropeptidi, yaani protini fupi zitolewazo na chembe za neva. Tarishi mmoja husaidia kufungua akiba ya mafuta ya mama, yapate kuwa maziwa. Tabia nayo hugeuzwa kwa njia kama hiyo. Mwaka 1988 wataalamu wa Uswisi walieleza peptidi iliyomo katika shahawa za nzi mdogo wa matunda. Jike akiipokea, neva zake hubadili mwenendo, akawakataa madume wengine na kuanza kutaga kwa wingi. Mbung'o jike pia, akisha kupandwa mara moja, kwa kawaida hakubali tena. Mbegu alizopata humtosha maisha yake yote.

Basi ukiua jike mmoja umekata ukoo. Wataalamu wamekadiria kwamba majike 4 katika kila 100 wakiuawa na mitego kila siku, kizazi chao hakiwezi kujijaza. Hata Shirika la Afya Duniani likathibitisha mwaka 2022 kwamba malale ya aina ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma Uganda. Mbung'o wenyewe wangaliko.

Kwa hiyo, akina mama, na ninyi askari mlio kambini karibu na maji, msiking'oe kitambaa hicho kufanyia kiraka wala kufutia bunduki. Kina sumu, na baada ya miezi 6 hivi hubadilishwa.